Kuazima si Kuiba

Wako watu wasemao kwamba kinywaji cha ramu hakiwezi kuitwa kipya iwapo kimejengwa juu ya kinywaji cha kale. Kwao, atwaaye ramu, ndimu na sukari ni mwigaji tu. Wako na wengine wabadilio jani la pambo juu ya bilauri, wakakipa kinywaji jina jipya, wakadai heshima ya mbunifu. Makundi haya yanagombana, lakini yote mawili yamepotea: hayajui kanuni ni kitu gani.

Kanuni ya daiquiri ya Kuba ni mizani. Ukali wa ramu hupambana na uchachu wa ndimu, na utamu wa sukari hupatanisha. Alijuaye hili aweza kubadili sehemu moja, mradi airejeshe mizani. Ndivyo alivyofanya Victor Bergeron huko Oakland mwaka 1944 alipotengeneza Mai Tai. Alitwaa ramu ya Jamaika iliyokaa miaka 17, akaiacha ndimu mahali pake, na utamu akauongezea shira ya lozi na kileo cha maganda ya machungwa, vyote kwa kiasi kidogo, ili ramu ile kongwe isifunikwe. Hilo ni badiliko lenye hoja, nalo lastahili jina lake.

Lakini hapo ilizuka kesi. Donn Beach, aliyefungua baa Hollywood katika miaka ya 1930, alikuwa akizificha kanuni zake kwa chupa za alama za siri, hata wachanganyaji wake wasijue zina nini. Baadaye ikadaiwa kwamba Mai Tai ilitokana na kinywaji chake. Nani atahukumu? Siri huzaa kesi isiyo na shahidi. Aliyeficha ili asiibiwe alijinyima mwenyewe ushahidi wa kuibiwa.

Mshairi hurithi vina na mizani, wala hapana amwitaye mwizi. Bali atwaaye ubeti wa mwenziwe akaukana asili, huyo ana jina lake. Basi mwenye kuleta kinywaji kipya na aseme mambo matatu: ametwaa wapi, amebadili nini, na kwa sababu gani. Akishindwa la kwanza, hana uaminifu. Akishindwa la pili, hana kipya. Akishindwa la tatu, amebahatisha; na bahati si ufundi.