Sifa za mwalimu hazinunui bidhaa

Mapema mwaka huu, kijana mmoja niliyewahi kumfunza katika shule ya upili alifika kwangu akiwa ameinamisha kichwa. Kwa miezi minane alikuwa ameunda programu ya simu ya kuwawezesha wazazi kusoma matokeo ya mitihani ya watoto wao. Mama yake aliuza ng'ombe wawili ili kijana apate tarakilishi. Alizuru shule kumi, na walimu wakuu wote kumi wakakiri kwamba wazo lake lilikuwa zuri. Alipotaja bei, hakuna hata mmoja aliyenunua.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona basi wote walinisifu?"

Swali hilo lilinichoma moyo, kwa maana nami nilikuwa miongoni mwa waliomsifu. Sikumuuliza ni nani angelipa, wala ni shida ya nani aliyokusudia kuitatua. Nilimpa mkono, nikamwambia aendelee. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alisifiwa hata kabla tembo halijaonjwa.

Maoni yangu ni kwamba anayetaka kuanzisha bidhaa mpya asihesabu sifa, bali atazame matendo ya watu. Mfano bora tunao papa hapa nchini. Mwaka wa 2005, Safaricom na Vodafone zilipoanza kuijaribu huduma ya M-Pesa, shabaha ilikuwa kuwarahisishia wateja wa shirika la mikopo midogo, Faulu Kenya, kulipa mikopo yao kwa simu. Jaribio lilihusu watu mia kadhaa tu, katika maeneo ya Nairobi na Thika. Haukupita muda mrefu kabla ya kubainika kwamba wateja hao walikuwa wakiitumia huduma kwa namna isiyotarajiwa: walitumiana pesa wao kwa wao.

Waundaji wake wangeweza kushikilia mpango wao wa awali. Badala yake waliiweka kando shughuli ya mikopo, na mnamo Machi 2007 wakaizindua huduma kwa ujumbe mmoja mwepesi: kutuma pesa nyumbani. Kila aliyewahi kumkabidhi dereva wa basi bahasha ampelekee mzazi mashambani aliuelewa ujumbe huo papo hapo.

Huenda msomaji akauliza: je, mvumbuzi awe mtumwa wa matakwa ya watu? La hasha. Mteja aghalabu hawezi kukueleza kitu ambacho hajawahi kukiona. Hata hivyo, matendo yake hufichua haja yake, ilhali ulimi wake hukupa adabu tu.

Nilipomdadisi kijana yule, alikumbuka kwamba katika shule mojawapo mhasibu alimuuliza kama programu hiyo ingeweza kuonyesha ni nani hajakamilisha karo. Alimjibu kwamba haikuundwa kwa kazi hiyo, akaenda zake. Matokeo ya mitihani wazazi walikwisha kuyapata bila malipo kupitia simu za walimu wa madarasa. Karo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha mhasibu usingizi, na jibu la kijana likaufunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka.

Kwa hivyo, wanafunzi wangu, kabla ya kuunda chochote, tafuteni watu watano wenye shida moja. Msiwaulize kama wangependa bidhaa yenu; waulizeni mara ya mwisho walipopatwa na shida hiyo walifanya nini, na iliwagharimu kiasi gani. Kisha tengenezeni kitu kidogo, hata kama ni daftari na kalamu, mkiuze kwa bei halisi. Anayetoa shilingi hamsini amewaambia ukweli zaidi ya anayetoa hotuba. Katika hesabu zenu tieni pia nauli na jasho lenu. Na ng'ombe wa mama asiuzwe kabla mteja wa kwanza hajarudi mara ya pili.

Nanyi walimu wenzangu, tusidhani kwamba kumtia moyo mwanafunzi ni kumvika kilemba cha ukoka. Insha mbaya huwa tunaisahihisha kwa kalamu nyekundu, tena bila huruma. Wazo la biashara nalo linastahili kalamu iyo hiyo, maana kosa lake halipunguzi alama tu, bali hula mali ya jamaa nzima.

Kijana yule amerudi kwa mhasibu aliyemuuliza lile swali. Kwa majuma mawili sasa anaketi ofisini mwake, akitazama jinsi risiti zinavyoandikwa na madeni yanavyofuatwa. Hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Safari hii sikumsifu. Nilimuuliza mhasibu amekubali kulipa kiasi gani.