Knative, KNCU na Swali la Nani Anashika Jina

Machi 2022 programu huria iitwayo Knative ilitoka mikononi mwa Google ikapokelewa na Cloud Native Computing Foundation, wakfu ulio chini ya Linux Foundation ya Marekani. Mjini Moshi habari hiyo haikuwa gumzo la vijiweni. Hata hivyo, kama kuna mji wa Afrika Mashariki uliopaswa kuielewa upesi, ni huo. Kilichokuwa kinabishaniwa ni jambo ambalo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wamelihangaikia tangu 1925: chombo kikishajengwa na wengi, usukani unakaa kwa nani?

Kwanza kazi yenyewe ya Knative. Kwa kawaida mwenye programu hununua au hukodi seva, ikakaa inawaka usiku na mchana hata pasipo mtu wa kuitumia. Utaratibu uitwao bila seva, ambao Knative huuwezesha, unaondoa mzigo huo. Programu hulala; ombi likiingia huamka, hufanya kazi, kisha hulala tena, na mwenyewe hulipia muda uliotumika tu. Seva zipo, ila anayezitunza ni mwingine. Ndiyo tofauti ya kuajiri dereva kwa mshahara wa mwezi na kupanda bodaboda siku ya safari.

Kwa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho, Marangu au Rombo, hesabu hiyo si ya kupuuza. Kahawa ya mlimani huchumwa zaidi kati ya Julai na Desemba. Katika miezi hiyo karani hupima, huandika stakabadhi, hukokotoa malipo ya awali na makato ya pembejeo, huku foleni ikiwa ndefu. Masika yakiingia, mizani inakaa kimya. Chama kinacholipia seva mwaka mzima kwa kazi ya nusu mwaka kinakata fedha za mkulima bila sababu.

Tatizo ni kwamba kila kampuni kubwa ina bila-seva yake. Amazon ilitangulia na Lambda mwaka 2014, wengine wakafuata, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya mmoja haihamii kwa mwingine kirahisi. Bei ikipanda, mteja analipa au anaandika upya. Knative ilitangazwa Julai 2018 kama njia ya kukwepa mtego huo: ilijengwa juu ya Kubernetes, mfumo huria wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, ili kazi ile ile iweze kuendeshwa popote, na Google iliijenga pamoja na IBM, Red Hat, SAP na Pivotal.

Msimbo wake ulikuwa wazi tangu mwanzo. Yeyote aliweza kuusoma, kuunakili na kuubadilisha. Lakini jina lilikuwa la Google, na neno la mwisho pia. Oktoba 2019 kampuni hiyo ilitamka kwamba haikuwa na nia ya kuikabidhi Knative kwa wakfu wowote kwa wakati ule. Washirika walinung'unika, na kwa haki: wahandisi wao walikuwa wakitoa jasho kwa mali ambayo mshindani wao peke yake angeweza kuiamulia. Baada ya toleo la 1.0 kutoka, mwishoni mwa 2021, Google ilibadili msimamo na kuomba Knative ipokelewe.

Hofu ya washirika wale haikuwa ya kufikirika. Agosti 2023 HashiCorp ilibadili leseni ya Terraform, programu ambayo maelfu ya wahandisi duniani walikuwa wakiitegemea kama mali huria. Watumiaji walichukua msimbo wa zamani wakaanzisha OpenTofu, na mwezi uliofuata wakaiweka chini ya Linux Foundation. Machi 2024 kampuni ya Redis ilifuata njia ya HashiCorp kwa hifadhidata yake, na mradi wa Valkey ukazaliwa kwa namna hiyo hiyo. Katika uwanja huu huu wa bila seva, Serverless Framework, chombo kilichotumika bure kwa miaka, kwa toleo lake la nne ilianza kuyatoza mashirika yenye mapato ya zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Mali ilikuwa yao, wakaitumia watakavyo.

Moshi inayo historia ya kuyapima hayo. Mwaka 1925 wakulima Wachagga waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, wakati walowezi wa Kizungu wakipinga Mwafrika kulima kahawa. Januari 1933 nafasi yake ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU), chama kikuu kilichosajiliwa chini ya sheria ya ushirika ya 1932. Kiliuza kahawa kwa pamoja, na baada ya miongo michache kikawa mfano uliotajwa barani kote.

Hata hivyo jina la ushirika pekee halikumtosha mkulima. Mwaka 1937, kanuni zikimlazimisha kuuza kupitia KNCU tu, ghasia zilizuka mlimani na maghala ya vyama yakashambuliwa. Kisha mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya zao. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, na KNCU ikasimama tena 1984. Umiliki wa wengi unahitaji kanuni zinazompa mwanachama sauti na zinazomzuia mwenye nguvu kuutwaa.

Kipimo hicho hicho kinazihusu nyakfu za programu. Cloud Native Computing Foundation inaendeshwa kwa ada, na kampuni zinazolipa ada kubwa zaidi zina viti katika bodi. Google, Amazon na Microsoft zimo. Mkosoaji anayesema kwamba wakubwa wamehamia meza nyingine tu hakosi hoja. Lakini bodi hiyo haiamui mambo ya kiufundi, yana kamati yake, na alama za biashara zinashikwa na wakfu. Google inaweza kesho kuwaondoa wahandisi wake wote katika Knative. Haiwezi kuondoka na jina wala kuubadilishia leseni mradi kwa amri yake peke yake. Apache Software Foundation, iliyoundwa 1999, imekwenda mbali zaidi: wanachama wake ni watu binafsi, na kampuni haina kura.

Huko Apache ndiko ulikoishia mradi unaowagusa zaidi wanaushirika. Mifos, programu ya kutunza hesabu za mikopo midogo, ilianzishwa na Grameen Foundation. Mwaka 2011 shirika hilo lilipojitoa, watumiaji na mafundi waliiendeleza kupitia shirika jipya, Mifos Initiative, na mtambo wake wa msingi ukapelekwa Apache, ambako mwaka 2017 ulithibitishwa kuwa mradi kamili kwa jina la Fineract. Nchini Kenya, Musoni, taasisi ya mikopo iliyojijenga juu ya malipo ya simu, ilijenga mfumo wake juu ya Mifos. Mfadhili aliondoka, chombo kikabaki. SACCOS ngapi za Tanzania zinaweza kusema hivyo kuhusu programu zinazotunza akiba za wanachama wao?

Kabla ya kutia saini mkataba wa mfumo mwingine, viongozi wa vyama na Tume ya Maendeleo ya Ushirika wamuulize muuzaji mambo matatu: nani anamiliki jina la programu hii, nani anaweza kubadili leseni yake, na kampuni yako ikifungwa, daftari la wanachama tunaliendesha wapi. Jibu la "msimbo uko wazi" lisikubaliwe kuwa jibu la maswali yote matatu.

Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi nacho kina sehemu yake. Kinafundisha ushirika, kinafundisha pia teknolojia ya habari, na kiko katika mji huu wa kahawa. Wanafunzi wake waanze kurekebisha hitilafu za Fineract, kutafsiri skrini zake kwa Kiswahili na kuandika sehemu inayohesabu malipo ya awali na ya pili ya kahawa. Apache hupima kazi ya mtu, na anayechangia kwa muda huweza kupewa kura. Viti hivyo viko wazi sasa, na Moshi ipeleke watu wa kuvikalia.