Usimuuzie dereva kichujio kabla hujajua kelele inatoka wapi



Leo naongea na wale tunaouza vifaa vya malori: redio, antena, taa za LED, chaja, vigeuza umeme. Mimi niko barabara kuu ya kwenda Tunduma. Chuo cha umeme sijasoma, nilimaliza kidato cha nne nikajifunza kwa kushika waya na kuwauliza mafundi. Kuna tabia moja kwenye maduka yetu siipendi kabisa, na naona inatukimbizia wateja.

Dereva anaingia anasema, "Redio inapiga kelele injini ikiwaka." Muuzaji hajauliza hata swali moja, ameshashusha kichujio, ameshapokea hela. Mwingine anasema, "Nikibonyeza kuongea, mishale ya dashibodi inaruka na injini inakosa nguvu." Huyo anaambiwa kontroli boksi imekufa. Jamani, kontroli boksi ni hela ndefu! Gari linalala, mzigo unachelewa, tajiri anapiga simu kila saa. Halafu unakuta shida ilikuwa waya wa eathi ulioliwa na kutu.

Msimamo wangu ni huu: ukiuza redio za CB, jifunze kupima kwanza, kuuza baadaye.

Elewa kwamba haya ni matatizo mawili, usiyachanganye.

La kwanza, gari linasumbua redio. Mlio mwembamba unaopanda dereva akikanyaga mafuta, mshuku altaneta. Kelele isiyobadilika hata akikanyaga, mshuku chaja, taa za LED au kigeuza umeme.

La pili, redio inasumbua gari. Redio ya CB inafanya kazi kwenye masafa ya megahezi 27, na kwa sheria ya Marekani ya AM inarusha wati 4 tu. Hizo ni ndogo. Zikifika kusumbua injini, mara nyingi antena haina eathi nzuri, au waya wa antena umelazwa pamoja na nyaya za injini, au mtu kafunga buusta.

Sasa vipimo. Vingi havihitaji hata mashine:

1. Zima injini, washa redio peke yake. Kelele ikiendelea, altaneta haina kosa.

2. Washa injini, chomoa waya wa antena nyuma ya redio. Kelele ikibaki, inapita kwenye waya wa umeme. Ikipotea, inaingilia kwenye antena, na kichujio cha waya wa umeme hapo hakisaidii kitu. Angalizo: antena ikiwa imechomolewa usibonyeze kuongea, utaunguza redio.

3. Chomoa chaja, zima taa za ziada, moja baada ya nyingine. Ukizima kitu kelele ikakata, umempata mwizi.

4. Fuata waya wa umeme wa redio. Njia nzuri ni chanya na hasi ziende moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri. Kuunga kwenye sehemu ya kuwashia sigara ni kukaribisha kelele.

5. Fungua kitako cha antena, kwangua rangi na kutu mpaka chuma kishikane na chuma. Halafu pima kwa mita ya SWR. Chini ya 1.5 ni safi. Ikizidi 3, mwambie dereva asiongee mpaka irekebishwe.

Kuna jambo lingine tunalolipuuza, volti. Malori mengi ya Ulaya na China ni volti 24, na redio nyingi za CB ni volti 12. Freightliner zilizotumika Marekani zenyewe ni volti 12, kwa hiyo hazina shida hiyo. Kwenye gari la 24, wengine wanaiba umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Matokeo yake betri hazichaji sawa na moja inakufa mapema. Wengine wanafunga kigeuza cha bei chee, ambacho chenyewe ndicho kiwanda cha kelele. Hapo ndipo biashara ilipo, bosi wangu. Weka kigeuza kizuri, mweleze mteja kwa nini bei iko juu, atakuelewa.

Buusta mimi siuzi, hata dereva abembeleze vipi. Inaongeza nguvu ya redio kupita kiasi, na nguvu hiyo ndiyo inayoingia kwenye nyaya za kompyuta ya injini. Isitoshe, masafa ya redio hapa nchini yako chini ya TCRA, na mteja anatakiwa awe na kibali. Mwambie kabla hajalipa.

Najua wapo watakaosema, "Mimi nauza bidhaa, sio fundi. Muda wa kupima nautoa wapi?" Mimi nachaji hela ndogo ya kupima, na mteja akinunua kifaa naitoa kwenye bei. Asiponunua, jasho langu limelipwa. Na mara nyingine anayeambiwa "huhitaji kununua, kwangua tu hiyo eathi" ndiye anayerudi na madereva wengine wawili. Madereva wanaongea kwenye mizani, mpakani, kwenye maegesho. Jina lako linasafiri kuliko mzigo wao.

Kichujio kina faida ya siku moja. Dereva aliyeuziwa kichujio na kelele ikabaki, duka lako atalipita akiangalia upande wa pili.

Wewe dukani kwako unapima kwanza au unauza kwanza? Tuambiane ukweli.