Waksi ya gari na chupa ya soda (Sehemu ya 6)
Akina mama, leo nawasema nyie na baba zao. Waksi ya gari ya maji mnaimimina kwenye chupa ya soda, mnaiacha kibarazani. Jamani, mtoto wa miaka 2 hasomi lebo! Anachojua, chupa ya soda ina soda. Na msiniambie wa kwenu hagusi vitu, kila anayeletwa tunaambiwa hivyohivyo.

Waksi nyingi za maji zina mafuta yaliyo ndugu na mafuta ya taa. Akimeza, hatari kubwa ni mapafu kuliko tumbo. Kwa hiyo usimtapishe, wala usimpe maziwa eti yakate sumu. Akitapika, mafuta yanaingia kifuani. Mlete hospitali haraka hata kama hakohoi, na chupa uje nayo.

Lazima gari ling'ae? Nunua ile nzito ya kopo, hainyweki kirahisi kama maji. Osha gari, likaushe, paka kivulini bodi ikiwa imepoa, kidogo tu. Ikikauka, futa kwa kitambaa laini. (Kuipaka nene ni kupoteza hela, rangi hailindwi zaidi.) Kopo likafungiwe kabatini juu, pamoja na kile kitambaa.