Kompyuta kumi kuukuu zaweza kuishinda moja mpya

Mwaka jana nilipiga video ya harusi Watamu. Kuihariri kulinichukua siku tatu tu. Balaa lilikuja kwenye kurenda, ile hatua ya laptopu kutengeneza faili la mwisho. Usiku kucha feni inanguruma, asubuhi imefika asilimia 60, stima ikapotea. Betri ilishakufa zamani, kwa hivyo nikaanza upya. Mama ya bibi harusi akanipigia simu mara nne. Kazi iliyofuata ya familia hiyo ilikwenda Mombasa.

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini hili halihitaji digrii. Malindi na Kilifi tuko wengi: wapiga video, wachora katuni, maprodyuza. Kila mmoja amejifungia chumbani na mashine moja inayokohoa, akisubiri pesa ndefu za kununua kubwa. Kwani lazima tusubiri?

Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA kule Marekani waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa nyaya, zikafanya kazi kama moja. Mfumo wao ukaitwa Beowulf. Kundi la kompyuta la namna hiyo ndilo huitwa klasta.

Piga hesabu. Katuni ya dakika moja, kwa fremu 25 kila sekunde, ina fremu 1,500. Kompyuta moja ikichukua dakika nne kwa kila fremu, utasubiri saa 100. Kumi za nguvu hiyo hiyo zikigawana kazi, ni kama saa 10. Unaanza jioni, asubuhi unakabidhi mzigo.

Vinavyotakiwa ni swichi, nyaya za mtandao (waifai itawachelewesha), diski moja ya pamoja ya kuwekea mafaili, na toleo lile lile la programu katika kila mashine. Blender ni ya bure, na Flamenco, inayogawa fremu kwa mashine, pia ni ya bure. Video ya harusi nayo hukatwa vipande, kila kompyuta ikashughulikia chake kwa FFmpeg, kisha vikaunganishwa. Mashine moja ikizima, kazi yake hupewa nyingine. Stima ikipotea, fremu zilizokamilika ziko salama kwenye diski.

Sitawadanganya: bili ya stima itapanda na chumba kitakuwa tanuri. Lakini kigumu zaidi ni kuaminiana. Mashine zikae kwa nani? Kazi ya nani itangulie? Jibu mama zetu wanalo siku nyingi. Kwenye chama kuna daftari, kuna zamu, na asiyechanga hapokei. Klasta nayo ni zamu tu.

Wakuu wa vyuo vyetu vya ufundi, kompyuta za maabara zikilala usiku hazimfaidi mtu. Tufungulieni, tulipie stima tutakayotumia.

Na kuna watakaosema haya ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini hapo Ngomeni, kwa mitambo ya wageni. Mitambo ya safari hii iko chini ya vitanda vyetu. Kidole kimoja hakivunji chawa, vijana wenzangu. Itoe hiyo yako, ipanguse vumbi, uje nayo.