Injini mpya zagonga njia ya Gitaza: dereva hununua mafuta, tajiri hununua injini

GITAZA, BURUNDI – Wasafirishaji wanaotumia barabara ya Taifa namba 3, kati ya Bujumbura na Rumonge, wanaujua mlio huu. Gari limepakia mawese au ndagala, dereva anakanyaga mafuta kupandisha, na chini ya boneti kunasikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Akiachia mguu, mlio unakoma. Akikanyaga tena, unarudi.

Wengi wakiusikia mlio huo huamini kuwa injini imekwisha. Gari hupelekwa gereji, injini hufunguliwa, na pengine hununuliwa injini nyingine ya mtumba. Hata hivyo, kwa magari mengi ya miaka ya karibuni mlio wa aina hiyo huwa umeanzia kwenye tangi, si kwenye chuma. Anayekosea kuutambua hulipa mara mbili: hulipa fundi, kisha huendelea kutumia mafuta yaleyale yaliyoleta tatizo.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, iko mahali ambapo barabara imebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Mwezi Machi 2015 maporomoko ya ardhi yalifunga njia hapo, na wafanyabiashara wa kusini wakaona jinsi soko la Bujumbura linavyotegemea ukanda mmoja wa lami. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa pamoja wa Burundi na Tanzania unaohusisha kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, na kilomita 260 upande wa Tanzania, kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu. Lengo ni kuiunganisha Bujumbura na Kigoma na, zaidi ya hapo, na bandari ya Dar es Salaam.

Lakini barabara nzuri haisaidii gari lililokufa injini njiani. Na tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, huku jukumu la uagizaji likihama: mwaka 2023 lilipewa shirika la Regideso, na mwaka 2024 ikaundwa kampuni ya mafuta ya taifa, Sopebu. Kila kituo kinapokauka, soko la madumu huchukua nafasi yake.

Kwa nini magari mapya ndiyo yanayoumia

Petroli, au esansi kama wengi wanavyoiita upande wa Burundi na Kongo, hupimwa kwa kiwango cha okteni. Kiwango hicho huonyesha uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Yakilipuka ovyo ndani ya silinda, mawimbi ya mlipuko hugonga pistoni na kuta zake. Huo ndio mlio wa kokoto.

Injini za zamani ziligandamiza kwa kiasi kidogo, kwa hiyo zilivumilia mafuta hafifu. Injini za sasa hugandamiza zaidi ili zitoe nguvu nyingi kwa lita chache. Injini ya 1NZ-FE, iliyo katika Toyota Probox nyingi zinazobeba abiria na mizigo katika ukanda huu, hugandamiza kwa uwiano wa 10.5 kwa 1. Injini ndogo zenye turbo hupata shinikizo kubwa zaidi.

Nchini Japani petroli ya kawaida hutakiwa kuwa na okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Magari mengi ya Ulaya hutaka 95. Kwa hiyo magari mawili yanayojaza mafuta kutoka dumu moja yanaweza kutoa majibu tofauti: Probox ikanyamaza, na gari la turbo la mwaka wa karibuni likagonga.

Hatari huzidi mafuta yanapochanganywa na mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni ndogo mno. Serikali za eneo hili zinaufahamu mchezo huo. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa.

Aidha, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja vya mafuta. Tatizo ni kwamba viwango husimamiwa kwenye maghala na vituo. Dumu halina pampu, halina stakabadhi, wala halina wa kuulizwa kesho. Dumu la njano la lita 20 lililobeba mawese jana linaweza kubeba esansi leo, na masalia yake yakaingia kwenye tangi pamoja na maji na mchanga.

Kompyuta huficha ugonjwa

Gari jipya lina sensa inayosikiliza mgongo ndani ya injini. Ikiusikia, kompyuta huchelewesha cheche za plagi ili mlio ukome. Kwa muda huo dereva hasikii kitu. Anachoona ni gari kuwa zito kilimani na mafuta kwisha haraka.

Chukua mfano wa gari linalokwenda na kurudi kati ya Bujumbura na Rumonge, safari ya kilomita 150 hivi. Likienda kilomita 12 kwa lita, litatumia lita 12.5. Likishuka hadi kilomita 10 kwa lita, litatumia lita 15. Kwa safari sita za wiki, tofauti ni lita 15, yaani mafuta ya safari nzima. Dumu lililoonekana rahisi limekula faida kabla hata mlio haujasikika.

Kwa hiyo dereva anapoanza kusikia kokoto, mara nyingi ina maana kompyuta imefika mwisho wa uwezo wake. Akiendelea kulikanyaga hivyo hivyo na mzigo, pistoni na ringi huanza kuvunjika, na hapo tatizo la mafuta huwa limegeuka kuwa tatizo la chuma.

Kutofautisha milio

Fundi mzuri huuliza kwanza mlio unasikika lini, kabla ya kushika spana.

Mlio wa kokoto unaokuja injini ikiwa ya moto na ikivuta mzigo, kisha ukakoma mguu unapoachiwa, huelekeza kwenye mafuta. Huweza pia kutokana na plagi zisizo za daraja lake, masizi ndani ya silinda au injini inayochemka.

Mkwaruzo wa sekunde chache asubuhi, gari linapowashwa likiwa baridi, huelekeza kwenye mnyororo wa taimingi na kikazio chake. Injini nyingi mpya hutumia mnyororo badala ya mkanda, na kikazio husukumwa kwa shinikizo la oili. Oili ikipungua au ikichakaa, mnyororo hulegea. Kosa la kawaida ni kuweka oili nzito ya 20W-50 katika injini iliyotengenezewa 0W-20 au 5W-30 kwa kudhani kuwa nzito ni bora. Oili nzito huchelewa kufika kwenye njia nyembamba za injini hizo.

Mlio wa tiki-tiki unaokwenda sambamba na mzunguko wa injini unaweza kutokana na valvu au upungufu wa oili. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda pia hutoa tiki-tiki ya nozeli, na hiyo ni ya kawaida kwake.

Mgongo mzito wa chini, kama nyundo juu ya ubao, unaoongezeka ukikanyaga mafuta, ndio wa kuogopwa. Hizo mara nyingi ni metali za konrodi. Kama taa ya oili imewaka pia, gari lizimwe palepale na livutwe. Kilomita kumi za kujikongoja zinaweza kuliharibu krankishafti lisitengenezeke.

Mwisho ni kelele isiyo ya injini kabisa. Barabara yenye mashimo hulegeza mabati ya kukinga joto kwenye bomba la moshi na hukata mauntingi za injini. Kuna magari yaliyofunguliwa injini kwa sababu ya bati lililokosa bolti moja.

Kwa magari ya dizeli, au mazutu, mambo ni tofauti kidogo, kwani dizeli hugonga kwa asili yake. Kinachotakiwa kusikilizwa ni mabadiliko. Mlio ukiwa mkali ghafla baada ya kujaza, kukiwa na moshi mweupe au mweusi, washukiwa wa kwanza ni maji kwenye mafuta na nozeli. Chujio lenye kitenga maji lifunguliwe na kumwagwa maji kabla ya kugusa kitu kingine.

Anza na kilicho rahisi

Utaratibu unaookoa fedha ni huu. Kwanza pimwe oili kwa stiki: kiasi, rangi na harufu ya petroli. Pili yakaguliwe mabati na mauntingi. Tatu mafuta ya tangi yatolewe na kutazamwa kwenye chupa nyeupe. Maji hukaa chini. Nne yawekwe mafuta ya kituo kinachoaminika, na gari lijaribiwe kwenye mlima uleule na mzigo uleule. Mlio ukitoweka, jibu limepatikana bila kufungua injini.

Usipotoweka, ndipo gari lipimwe kwa kompyuta. Kodi P0325 huhusu sensa ya mgongo au waya wake, P0300 huonyesha silinda zinazokosa moto, na P0016 hueleza kuwa krankishafti na kemshafti hazipatani, jambo linaloelekeza kwenye mnyororo wa taimingi. Hata hivyo, kodi huonyesha pa kutafuta tu. Anayebadilisha sensa kwa sababu ya kodi, bila kukagua waya, anaweza kununua sensa tatu.

Na kama mafuta mazuri hayapatikani, cha kufanya ni kupunguza mzigo, kushuka gia mapema kilimani na kuepuka kukanyaga hadi mwisho, kisha kujaza mafuta bora mara yanapopatikana ili kuzimua yaliyomo.

Nani abebe hasara

Nyuma ya mlio huu kuna suala la kiuchumi ambalo fundi hawezi kulitatua. Katika mpango uliozoeleka, dereva humpelekea tajiri hesabu ya siku, na mafuta huyanunua mwenyewe kutokana na mapato yaliyobaki. Akipata dumu la bei nafuu, au dumu lisilo na foleni, faida ni yake jioni hiyohiyo. Injini ikifa baada ya miezi miwili, hasara ni ya tajiri. Dereva hana haja ya kuwa mtu mbaya ili injini ife. Mpango wenyewe unamsukuma huko.

Kumlaumu dereva, basi, hakutabadilisha kitu. Wamiliki wanaotaka magari yao yadumu wanaweza kuchukua mafuta mikononi mwao: wachague mahali pa kujaza, walipie wenyewe au wapunguze hesabu siku ambazo foleni imekula saa za kazi, na waweke daftari la lita na kilomita. Daftari hilo litaonyesha ulaji ukipanda wiki kadhaa kabla ya mlio kusikika.

Kwa mwenye gari moja analoliendesha mwenyewe hesabu ni nyepesi zaidi kuielewa, kwa kuwa mfuko ni mmoja. Bei ya lita ya dumu haijaisha kulipwa pale barabarani Gitaza. Sehemu yake iliyobaki hudaiwa gereji, na gereji haikopeshi.