Kujitegemea Huanzia Jikoni

Wafanyakazi wanadai mshahara wa kutosha, na madai yao ni ya haki. Lakini hakuna mshahara utakaoitosha nyumba ambayo kila usiku humwaga ugali jalalani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka 2022 walimwengu walitupa tani zaidi ya bilioni 1 za chakula, na zaidi ya nusu yake ilitoka majumbani.

Tusiwalaumu akina mama peke yao. Baba anayeshiba baa bila kupeleka habari nyumbani, ndiye anayemwaga chakula kile.

Maharage yakilowekwa usiku huokoa mkaa. Kiporo kikihifadhiwa vema huokoa unga. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituhimiza kujitegemea. Wanaume nao watimize wajibu huo.